Nikiwa peke yangu omo (mbele ya boti) inakimbia gati kila nikitia rivasi: ni upepo, maji au mashine?

#1 Mkaa_Mikindani
Salaam wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua bahari kwa vitendo.

Nina boti ya tanga ya faiba, futi 19, yenye ubao wa kati unaoshushwa na kupandishwa kwa kamba. Mashine ni ya farasi 5, imepachikwa kwenye kibao cha nyuma upande wa kulia, kwa sababu katikati umekaa usukani. Natoka peke yangu, kijana niliyekuwa naye kahamia Dar. Nikiwa nje sina shida. Mlango wa ghuba yetu naupita hata kwa kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Shida yangu ni hatua kumi za mwisho.

Gati ni la mbao, la ndugu yangu, lipo upande wa kusini wa ghuba. Nashusha tanga mbali, naja polepole kwa mashine, gati likiwa kushoto kwangu. Nikibakiza urefu wa boti moja natia rivasi ili isimame. Hapo tezi (nyuma ya boti) inasogea gatini, omo inakimbilia majini. Nikiacha mashine nikaenda mbele kushika nguzo, omo imeshafika mbali, mkono haufiki.

Jumamosi nilizunguka mara nne. Mara ya nne niliikamata nguzo nikavutika, mkono mmoja gatini, mguu mmoja botini, katikati maji. Bega linauma mpaka leo. Nini kinaipeleka omo nje, na mtu mmoja afanyeje?

#2 Kusi_Kali
Upepo, mkuu. Mwezi huu kusi limeshika, na gati lako lipo kusini, maana yake upepo unatoka nchi kavu unakusukuma utoke. Boti ikipungua mwendo omo ndiyo inayotangulia kupeperuka, kwa kuwa ni nyepesi na imeinuka juu ya maji. Usije sambamba na gati. Njoo na pembe, omo ielekee nguzo ya mbele kabisa, ugeuze dakika ya mwisho. Na usije kinyonge sana, kwa upepo wa kukutoa unahitaji mwendo kidogo.

#3 Fundi_Feri
Namheshimu #2 lakini hapo ni pangaboi, ile panka ya mashine inayozunguka majini. Mashine nyingi hizi ndogo, ukiitazama kwa nyuma, pangaboi huzunguka kulia ikienda mbele. Ukitia rivasi inazunguka kushoto, na pamoja na kuvuta nyuma inaitembeza tezi kwenda kushoto. Tezi ikienda kushoto omo inakwenda kulia. Ndicho alichokieleza: gati kushoto, tezi inaenda gatini, omo inakimbia.

Mkaa, fanya hivi. Alfajiri bahari ikiwa shwari nenda katikati ya ghuba, simamisha boti, usukani na mashine viwe sawa katikati, tia rivasi. Ikigeuka bila upepo utajua nani kasema kweli.

#4 Bibie_wa_Mwani
Kaka yangu pole na bega. Mimi kila siku natoka na hori langu kwenye mwani, peke yangu, mzigo umejaa mpaka ukingoni. Sijawahi kukosa kufika. Dawa ni pondo. Nachoma chini, hori linasimama, nalisogeza ninapotaka. Hiyo mashine izime kabla hujafika.

#5 Mkaa_Mikindani
Asante dada. Pondo ninalo. Maji yakijaa pale gatini ni zaidi ya mita tatu, pondo linafika chini lakini halinipi nguvu. Yakipwa boti haifiki kabisa, kuna mchanga na mizizi ya mikoko. Nina kama saa mbili tu za katikati ambazo pondo linafaa.

#6 Kusi_Kali
@Fundi_Feri kwenye meli nakubali. Kwenye farasi 5 pangaboi lenyewe ni la kipenyo cha sahani ya chai, litasogeza tezi ya futi 19 kiasi gani?

#7 Fundi_Feri
Kiasi cha kukunyima nguzo, njomba. Shibiri tatu zinatosha.

#8 Nahodha_Mstaafu
Assalaam aleikum wanangu. Nimeendesha jahazi la boriti kutoka Kilwa kwenda Unguja tangu nywele nyeusi. Hakuna mashine iliyotusaidia kufunga. Chombo kikubwa namna ile, ukikosea unavunja gati na ubavu wa chombo kwa pamoja.

Tulifanya hivi. Unashusha tanga mapema, chombo kinakwenda kwa mwendo kilionao. Ukifika joshini mwa mahali unapotaka, unatia nanga. Halafu unalegeza amari, yaani kamba ya nanga, kidogo kidogo, upepo wenyewe unakurudisha gatini kwa adabu. Ukitaka kusimama unaikaza. Ukitaka kuondoka unaivuta, umeshatoka. Mtu mmoja anaweza, mradi amari imepangwa vizuri, isijikunje miguuni.

#9 Kijana_wa_Ligula
Shikamoo mzee. Joshini ndiyo upande gani? Sisi wengine tumezoea kulia na kushoto.

#10 Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Joshini ni upande upepo unapotokea. Unapokwenda ni demanini. Jifunzeni haya, kulia na kushoto vinabadilika ukigeuka.

#11 Kusi_Kali
Mzee, kwa heshima zote, hapo kwa Mkaa haitafanya kazi msimu huu. Gati lenyewe ndilo lipo joshini. Akitia nanga joshini atakuwa anaitia nchi kavu. Njia yako ni ya kaskazi, upepo ukitoka majini unampeleka gatini.

#12 Nahodha_Mstaafu
Umesema kweli, sikusoma vizuri kuwa gati lipo kusini. Kwa kusi basi, pwani ya namna hiyo sisi hatukuwa tunafunga gati. Tulitia nanga nje kidogo, maji yakapwa, chombo kikakaa mchangani tukakiwekea magadi, nguzo za kukizuia kisilale ubavu. Mizigo ikashuka kichwani.

#13 Kijana_wa_Ligula
Wakuu mbona hakuna anayezungumzia mashine kuwekwa upande? Amesema ipo kulia. Ikisukuma mbele ikiwa kulia, boti inataka kugeuka kushoto. Ikivuta nyuma ikiwa kulia, inataka kugeuka kulia. Sukuma mkokoteni kwa mkono mmoja tu uone. Kwa hiyo hata pangaboi lingekuwa halina tabia yoyote, bado omo ingekwenda kulia akitia rivasi. Jaribio la Fundi la bahari shwari halitatenganisha haya mawili, yote yanaelekea upande mmoja.

#14 Fundi_Feri
Hii nimeipenda. Halafu upepo wa #2 nao unaelekea hukohuko. Mkaa umeonewa na watatu.

#15 Mtumwa_wa_Bahari
Niliwahi kuhudumia boti za wageni Msasani, nyingi za tanga, nyingi na mwenyewe mmoja tu. Kosa kubwa ni kukimbilia omo. Mtu akiwa peke yake anafunga kamba MOJA kwanza, na kamba hiyo inatoka katikati ya boti, si mbele wala nyuma.

Kabla ya kuingia unafunga kamba kwenye chuma cha ubavuni, katikati. Upande wa pili wa kamba una kitanzi kikubwa, unakuja nacho mkononi ukiwa umekaa kwenye usukani. Boti ikifika sambamba unatupia kitanzi nguzo iliyo nyuma kidogo ya katikati ya boti. Unaacha mashine gia ya mbele, mafuta kidogo kabisa. Boti inataka kwenda mbele, kamba inakataa, ubavu unajilaza gatini. Usukani unaupeleka kama unataka kuitoa omo nje. Itabaki pale imetulia, wewe unashuka kwa raha zako kufunga omo na tezi. Nimeona bibi wa miaka sabini na kitu anafanya hivyo kwenye upepo wa Julai, chombo chake futi 28.

#16 Kusi_Kali
Nyongeza kwa #15. Kwenye boti yenye mashine ya ndani, pangaboi lipo mbele ya usukani, linaumwagia maji, kwa hiyo usukani unafanya kazi hata boti ikiwa imesimama. Mashine ya kupachika ipo nyuma au pembeni ya usukani, maji yake hayaugusi. Boti ikisimama, usukani ni ubao uliozama tu. Mkaa ageuze mashine yenyewe, si usukani.

#17 Mtumwa_wa_Bahari
Sahihi kabisa, nilisahau. Boti nyingi za pale zilikuwa na mashine ya ndani.

#18 Mama_Kitunda
Nyie watu wa Mtwara mna ghuba kama beseni halafu mnalalamika. Njooni Lindi hapa mvuke kwenda Kitunda maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) yakitoka, mto Lukuledi nao unayasukuma kwa nyuma. Hapo ndipo utajua kufunga ni nini.

Ninachotaka kumwambia kaka Mkaa ni kwamba hajataja maji kabisa. Yalikuwa yanajaa au yanatoka? Mume wangu anavusha watu miaka yote, na wala haangalii upepo kwanza, anaangalia kamba za mitumbwi iliyofungwa zimelala upande gani. Anakuja akiyakabili maji, yanamsimamisha bila rivasi. Akija nayo, hata farasi 40 hazimsimamishi.

#19 Kijana_wa_Ligula
Beseni lenyewe Livingstone alilipitia 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Lindi alipaacha.

#20 Mama_Kitunda
Alipaacha kwa kuogopa mkondo. Na reli ya ule mradi wa karanga wa wakoloni ilianzia kwetu Mkwaya kabla ya kufikishwa kwenu.

#21 Fundi_Feri
Na ikang'olewa yote. Turudi kwenye uzi tafadhali.

#22 Mkaa_Mikindani
Nawashukuru wote. Majibu: Jumamosi maji yalikuwa yanatoka, siku ya nne baada ya mwezi mpevu, bado yana nguvu. Pale gatini sijawahi kuona mkondo mkali, mkali upo mlangoni. Nitaangalia kamba za mitumbwi.

Leo asubuhi nimefanya jaribio la #3, bila upepo, katikati ya ghuba. Kweli omo imegeuka kulia, taratibu, mpaka nahesabu kumi imegeuka kama robo. Jumamosi iligeuka hivyo kabla sijahesabu tatu.

#23 Kusi_Kali
Basi mashine inachangia, upepo unamaliza.

#24 Fundi_Feri
Au mashine inaanza, upepo unaipokea. Bila kuanza, upepo usingepata ubavu wa kusukuma.

#25 Shaibu_wa_Shangani
Swali moja. Ubao wa kati unakuwa chini au juu ukiingia gatini?

#26 Mkaa_Mikindani
Juu. Naogopa kugonga mchanga.

#27 Shaibu_wa_Shangani
Nilijua. Ndugu, boti ya faiba futi 19 ubao ukiwa juu ni jani la mkungu. Haina kinachoishika ndani ya maji isipokuwa usukani kule nyuma. Kwa hiyo nyuma panashikwa, mbele panateleza. Omo lazima ikimbie, hata ungekuwa na mashine katikati na pangaboi la dhahabu. Shusha ubao, hata nusu. Umesema maji yakijaa ni mita tatu, ubao wenyewe unashuka kiasi gani?

#28 Mkaa_Mikindani
Kama mita moja na robo kutoka juu ya maji.

#29 Shaibu_wa_Shangani
Una zaidi ya mita na nusu ya ziada. Unaogopa nini?

#30 Kusi_Kali
Hili nakubali ni kubwa, ila angalizo: ukiwa na ubao chini na ukagusa mchanga huku upepo unakusukuma kwa ubavu, ubao unaweza kupinda au kubana kwenye tundu lake. Kwenye bamvua ukichelewa nusu saa tu maji yameshabadilika sana. Ashushe, lakini apige hesabu ya saa.

#31 Mpiga_Mbizi_Msimbati
Naomba tusimame kidogo kwenye jambo ambalo halijasemwa. #1 amesema "nikiacha mashine nikaenda mbele". Mashine ilikuwa kwenye gia au nyutro?

Nauliza kwa sababu nimemzika rafiki. Alikuwa peke yake, anaingia ufukweni na mashine ya farasi 15, akainuka kushika kamba ya mwenzake, akateleza akaanguka. Mashine ilikuwa kwenye gia, mkono wa mashine ukajigeuza, boti ikazunguka ikamrudia. Ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ilikuwepo, imefungwa kwenye tangi la mafuta ili isipotee.

Mkaa, ile kamba ivae mkononi au mguuni kila unapoiwasha. Ukianguka inachomoka, mashine inazima hapohapo. Na jaketi livae kabla hujashusha tanga. Ukiwa peke yako hakuna wa kukurushia.

#32 Mkaa_Mikindani
Nyutro, nadhani. Siwezi kuapa. Pole sana kwa rafiki yako. Kamba hiyo kwenye mashine yangu nilikuta imekatika, nimewekea kipande cha waya ili iwake. Leo hii naitafuta.

#33 Fundi_Feri
Usitafute, njoo Feri ninayo, chukua. Waya utoe.

#34 Bibie_wa_Mwani
Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi sina mashine lakini nimeisoma mara mbili.

#35 Baharia_Mwalimu
Nirudi kwenye #1, "nikiacha mashine nikaenda mbele". Uzito wako kilo ngapi? Boti futi 19 ni nyepesi. Mtu wa kilo 80 akitoka nyuma kwenda omoni, omo inazama na tezi inainuka. Mashine kama ina shina fupi, pangaboi linafika karibu na uso wa maji, linameza hewa. Utaisikia inapiga kelele ghafla, nguvu hamna. Ukiisikia sauti hiyo ukiwa mbele, jua rivasi yako imekufa na hakuna anayeisimamisha boti.

#36 Mkaa_Mikindani
Sauti hiyo naijua! Nilidhani ni gia inateleza.

#37 Fundi_Feri
Pima kutoka pale mashine inapokaa kwenye kibao mpaka kile kibati kilichopo juu ya pangaboi. Shina fupi ni inchi 15 hivi, refu ni inchi 20. Boti za tanga karibu zote zinataka refu. Kama ni fupi tushushe kibao, ni kazi ya mchana mmoja.

Na kwa kuwa tupo hapo: kabla hujashusha tanga, washa mashine kwanza, iache dakika mbili, tazama maji ya kupoza yanatoka, legeza skrubu ya hewa ya kifuniko cha tangi. Nusu ya mashine "mbovu" ninazoletewa zimezimika gatini kwa sababu skrubu hiyo imefungwa. Inatembea vizuri dakika chache halafu inakata, kwenye nguzo kabisa.

#38 Mama_Kitunda
Mimi bado naona mnamchosha. Tezi inakwenda gatini yenyewe, na yeye yupo tezini. Sasa si afunge tezi kwanza? Anaachaje kilicholetwa mkononi anakimbilia kilichokwenda?

#39 Kusi_Kali
Dada, akifunga tezi peke yake na upepo wa kumtoa, omo itazunguka mpaka boti isimame kama mlango uliofunguliwa.

#40 Mama_Kitunda
Akifunga fupi halafu akatia gia ya mbele kidogo? Tezi imeshikwa upande wa kushoto, mashine inasukuma upande wa kulia. Omo inarudi. Mume wangu amesoma hapa begani kwangu, anasema ndivyo anavyofanya kila siku.

#41 Kijana_wa_Ligula
Nimechora kwenye karatasi, ni kweli. Mashine kuwa kulia, ambayo ilikuwa adui kwenye rivasi, hapa inakuwa msaada. Samahani kwa ya Livingstone.

#42 Mtumwa_wa_Bahari
Inafanya kazi, ila kamba ya katikati ni ya upole zaidi. Ya tezi ukizidisha mafuta omo inakuja na kugonga. Weka matairi mbele.

#43 Nahodha_Mstaafu
Mwanangu Mkaa, kabla ya gati jizoeze na kitu kisichoumiza. Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge jiwe, liache katikati ya ghuba. Liendee mpaka usimame nalo ubavuni bila kuligusa, mara ishirini, kila upande wa upepo.

Na ukishafunga gatini usikaze kamba. Maji ya bamvua hapa yanashuka zaidi ya mita tatu. Ukikaza yakiwa yamejaa, ukirudi jioni utaikuta imening'inia.

#44 Mkaa_Mikindani
Mrejesho wa jana Jumapili. Shina nimepima, inchi 15. Fundi atashusha kibao wiki hii. Kamba ya kuzimia ninayo, naivaa mguuni. Dumu nimelizunguka mara kumi na mbili, si ishirini, mafuta yaliisha.

Gatini nimejaribu mara mbili, kusi la wastani, maji yanajaa. Mara ya kwanza ubao chini, kamba ya katikati. Nilikuja kwa pembe kama alivyosema #2, nikageuza, kitanzi kikaingia nguzo mara ya kwanza. Nikatia gia ya mbele nikageuza mashine. Kamba ilikaza, ikatoa maji kama nguo inayokamuliwa, na boti ikajilaza gatini. Nilikaa kimya pale labda dakika nzima, naitazama. Sikuamini kuwa nimekaa.

Mara ya pili ubao chini vilevile, kila kitu vilevile, kitanzi kikakosa nguzo, omo ikaondoka kama kawaida. Nikatumia ya Mama Kitunda, nikashika tezi. Ilirudi lakini iligonga.

#45 Shaibu_wa_Shangani
Ubao. Nilisema.

#46 Kusi_Kali
Ubao ulikuwa chini mara zote mbili na omo imekimbia mara moja. Mwendo ulikuwaje mara ya pili?

#47 Mkaa_Mikindani
Taratibu zaidi. Niliogopa.

#48 Kusi_Kali
Unaona.

#49 Fundi_Feri
Mngoje nishushe kibao kwanza ndiyo mbishane. Mkaa njoo Jumatano na bolti mbili za inchi nne, za chuma kisichoshika kutu, zangu zimeisha.

#50 Mama_Kitunda
Mume wangu anauliza uligonga upande gani na kama faiba imepasuka, anayo dawa ya kuziba.